Kuonja bita ya Kiingereza na Kibelgiji hapa Goma: chupa moja, vituo vitatu vya joto

Ukiifungua bita ya aina hii, bia chungu inayochanganya mtindo wa Kiingereza na wa Kibelgiji, kama unavyofungua Primus, imetoka kwenye barafu na inamiminwa kwa nguvu hadi glasi ifurike, utapata povu na uchungu basi, halafu utasema pesa zimepotea bure. Baridi kali hufunga harufu na kuacha uchungu peke yake mezani. Harufu za hamira huanza kujitokeza karibu na nyuzi 10, na zile za kimea hukamilika kwenye 13 au 14. Kwa hiyo hapa tunaonja chupa moja ya sentilita 33 kwa vituo vitatu: nyuzi 8, nyuzi 11, nyuzi 14. Tenga saa moja na nusu za meza, na siku tatu za kuituliza chupa kabla ya hapo.

Goma ina bahati yake katika jambo hili. Chumba cha kawaida jioni huwa na nyuzi 18 hadi 21, na bia hupanda joto taratibu, kwa mwendo unaoweza kuufuatilia kwa saa ya mkononi. Lubumbashi mwezi wa kumi, ungelazimika kukimbizana na glasi.

Bia yenyewe ni ya namna gani

Bita ni bia ya baa za Uingereza. Rangi yake ni ya kaharabu au shaba, kilevi chake ni kidogo (asilimia 3.2 hadi 4.6 kwa zile za kila siku, 6 na ushei kwa zile kali), na gesi yake ni haba. Kimea chake kina ladha ya biskuti, na hopsi zake za jadi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), East Kent Goldings na Fuggle, hunukia majani makavu, udongo uliolowa na ganda la chungwa. Bia za Ubelgiji zenye rangi hiyohiyo huegemea zaidi kwenye hamira. Hamira za huko hutoa karafuu, pilipili manga, ndizi mbivu na peasi. Hula sukari karibu yote iliyomo, na mara nyingi mtengenezaji huongeza sukari tupu jikoni ili bia ibaki nyepesi na kavu. Kisha bia huchachuka mara ya pili ndani ya chupa na kujaa gesi.

Kuzichanganya hizi mbili si mtindo wa jana. Hamira ya Duvel ilichukuliwa Uskoti baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Orval, inayotengenezwa katika monasteri kusini mwa Ubelgiji tangu 1931, hutiwa hopsi kavu, zisizochemshwa, baada ya kuchacha, desturi iliyoletwa kutoka Uingereza, na baadaye huongezewa hamira ya mwitu iitwayo Brettanomyces. Hamira hiyo nayo ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904 na Claussen wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, ambaye aliipata katika bia za Kiingereza zilizokaa muda mrefu. Yaani kinachonukia Ubelgiji leo kilikuwa Uingereza kwanza.

Kwa anayeanza, Orval (asilimia 6.2) au Taras Boulba ya Brasserie de la Senne ya Brussels (asilimia 4.5) inatosha kabisa. XX Bitter ya De Ranke iache kwa siku ya pili. Uchungu wake ni wa kweli, na ulimi usiozoea hautasikia kingine chochote.

Siku tatu kabla

Chupa nyingi za namna hii hufika Goma ndani ya sanduku la msafiri, zikiwa zimetoka Kigali kwa barabara ya milima na kuvuka mpaka wa Petite Barrière. Kona zile zote huamsha mashapo ya hamira yaliyolala chini ya chupa. Ukiifungua jioni ya siku ilipofika, bia itakuwa na ukungu, ladha ya unga mbichi wa mkate, na povu litaruka hadi dari. Isimamishe wima kwa siku tatu. Usiilaze ubavu kama divai, kwa sababu mashapo yatajipanga kando ya chupa na kumiminika yote mara tu unapoiinamisha.

Mahali pa kuitulizia ni penye giza na penye ubaridi usiobadilika. Katika nyumba ya mawe ya volkano, chini sakafuni kwenye kona isiyopigwa na jua panafaa sana. Katika nyumba ya mbao yenye mabati, mchana hupanda joto vibaya. Hapo itie chupa ndani ya katoni, izungushie nguo, iweke chini ya kitanda, mbali na mbabula. Joto la nyuzi 30 kwa wiki chache huizeesha bia kuliko miezi kadhaa ya nyuzi 13.

Mwanga ni adui mwingine, na huyu hafanyi kazi kwa wiki. Jua likipiga chupa ya kijani au nyeupe kwa dakika chache tu, asidi chungu za hopsi huvunjika na kuungana na salfa, na harufu inayotoka ni ya mnyama aliyekasirika. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ila si wote. Kwa hiyo usinunue chupa iliyokuwa imepangwa dirishani, hata kama bei yake inavutia.

Soma tarehe. Harufu ya hopsi hupungua sana baada ya miezi mitatu hadi sita. Bita isiyo na Brettanomyces yenye umri wa mwaka mmoja bado inanyweka, ila usitafute ganda la chungwa humo. Orval huandika tarehe ya kujazwa chupani, na hiyo ndiyo ya kuangalia, kwa sababu bia hii hubadilika kwa makusudi: mbichi ni ya hopsi, na baada ya miezi sita hamira ya mwitu huanza kutawala.

Vitu vya kuandaa

Glasi mbili za divai zenye tumbo na mdomo uliobana, za sentilita 35 hadi 45 kila moja. Kipimajoto cha jikoni. Ndoo ndogo. Barafu. Mkate mkavu usio na siagi. Maji ya kunywa yasiyo na harufu. Sahani mbili ndogo za kufunikia glasi. Karatasi na kalamu. Kikombe cha plastiki hakifai, maana gesi hushikamana na mikwaruzo yake na povu huishiwa mapema. Kunywa kwa mdomo wa chupa ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa pua inabaki nje.

Uoshaji wa glasi ndipo wengi wanapoharibu kazi bila kujua. Mafuta kidogo sana huua povu, na masalio ya sabuni ya unga huua povu na kuacha harufu juu yake. Osha kwa tone moja la sabuni ya maji, suuza mara tatu kwa maji ya moto, halafu igeuze juu chini kwenye waya safi ikauke yenyewe. Usiipanguse kwa kitambaa cha jikoni, kwa sababu kitambaa hicho kimeshika mawese. Kuhakikisha, lowesha glasi ndani na umwage maji: yakibaki kama utando mmoja sawia, ni safi, yakijikusanya matonematone, kuna mafuta.

Suuzo la mwisho lifanywe kwa maji yasiyo na klorini. Maji ya ziwa yanayotiwa dawa kwenye vituo vya kuchotea yanafaa kwa afya, lakini klorini ikikutana na fenoli za hamira ya Kibelgiji (kemikali zinazonukia karafuu) hutoa harufu ya dawa ya hospitali. Ukiisikia harufu hiyo, shuku glasi kabla ya kushuku bia.

Vikombe vya kufundishia pua

Hatua hii huchukua dakika kumi na tano na inafaa kuliko maelezo yote ya lebo. Panga vikombe sita vidogo, kila kimoja kifunikwe kwa sahani hadi wakati wa kunusa:

Karafuu mbili katika sentilita 10 za maji ya moto, dakika kumi. Hiyo ni fenoli ya hamira ya Kibelgiji.

Kipande cha ndizi iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi, au kijiko cha kasiksi, pombe ya ndizi. Hiyo ni esta ya ndizi, kemikali ya harufu ya tunda inayotolewa na hamira.

Ganda la chungwa, limekunwa papo hapo, bila nyama nyeupe. Upande wa hopsi.

Majani makavu ya chai, kijiko kimoja, bila maji. Hopsi tena, hasa Fuggle na jamaa zake.

Mkate uliokaushwa juu ya makala hadi uwe wa dhahabu, usiungue. Kimea cha Kiingereza.

Kijiko cha sukari iliyoyeyushwa sufuriani hadi iwe ya kahawia, ikapoa. Kimea kilichokaangwa, kile kinachoipa bita rangi.

Nusa kila kimoja mara mbili kwa mipumuo mifupi, pumzika, endelea. Kisha andaa vitu viwili vya ulimi. Chai nyeusi kali, mifuko miwili katika sentilita 20 kwa dakika kumi, bila sukari, ipoe: zungusha kinywani na utasikia ulimi unakauka kama umetafuna ndizi mbichi. Huo ni ukakasi. Pembeni, funda moja la maji ya toniki. Huo ni uchungu mtupu, wa kwinini, ambao mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa. Ukakasi na uchungu huchanganywa na waonjaji wengi, na kwa bia hii tofauti yao ina maana. Uchungu wa hopsi ni kazi iliyokusudiwa. Ukakasi mwingi ni kosa la jikoni, mara nyingi maganda ya shayiri yaliyosuuzwa kwa maji ya moto kupita kiasi au hopsi kavu zilizoachwa siku nyingi mno.

Suuza kinywa, kula kipande cha mkate, subiri dakika kumi. Kahawa, sigara, pilipili na dawa ya meno viwe mbali kwa saa moja kabla. Marashi pia. Na kama jenereta ya jirani inatema moshi dirishani, hamia chumba kingine.

Kupoza hadi nyuzi 7

Tunalenga 7 kwa sababu kumimina peke yake hupandisha joto karibu nyuzi moja.

Bila friji: tia lita 4 za maji ya nyuzi 20 kwenye ndoo, ongeza karibu gramu 650 za barafu iliyovunjwa, koroga hadi yote iyeyuke. Maji yatasimama karibu na 7. Pima, sahihisha kwa kipande cha barafu au kikombe cha maji. Simamisha chupa humo kwa dakika 40, maji yafike shingoni, na uyazungushe taratibu kila baada ya dakika kumi bila kuitikisa chupa. Njia hii ni ya uhakika kuliko friji, kwa sababu bia haiwezi kushuka chini ya joto la maji hata ukichelewa.

Kwa friji: iache usiku kucha ikiwa wima kwenye rafu, si mlangoni. Itatoka na nyuzi 4 au 5. Iache mezani dakika 10 hadi 15. Usitumie sehemu ya kugandishia kwa kuharakisha. Umeme ukikatika au ukisahau, utapata chupa iliyopasuka au bia iliyoganda ambayo povu lake halirudi tena.

Mahali pasipo vyote viwili, kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye chupa na kuwekwa penye upepo hushusha nyuzi chache usiku wa kiangazi. Utaanzia kwenye 14 au 15, yaani utakuwa umepoteza vituo viwili vya kwanza, lakini cha tatu, ambacho ndicho kitamu, bado unacho.

Kufungua na kumimina

Bita ya pipa huko Uingereza hubeba karibu gramu 2 za gesi kwa lita. Bia za chupa za Ubelgiji hubeba 6 hadi 8. Zaidi ya hapo, Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu husukuma kwa karibu milibari 850 badala ya 1,013 za pwani. Gesi ikiona mwanya hapa hutoka kwa fujo zaidi kuliko kule bia ilikotoka. Ndiyo maana glasi inayotosha Brussels hapa hufurika.

Lowesha glasi zote mbili ndani kwa maji baridi, umwage. Shika chupa bila kuizungusha, inua kifuniko kidogo usikie mlio wa gesi, ngoja sekunde tano, kisha kiondoe. Povu likianza kupanda shingoni, usizibe kwa kidole. Sogeza glasi na uanze kumimina.

Inamisha glasi ya kwanza kama nusu ya kulala, mimina polepole ukutani hadi sentilita 10, kisha inyooshe na umalizie katikati hadi sentilita 15 na povu la vidole viwili. Bila kuisimamisha chupa, hamia glasi ya pili na ufanye vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu ya kuwa na glasi mbili: kila chupa inaposimama na kuinama tena, mashapo huamka, na bia ya mwisho inakuwa tope. Angalia begani mwa chupa dhidi ya taa. Utaona uzi mweupe wa hamira unakaribia shingo. Ukifika hapo, acha. Chini kutabaki kama sentilita 3. Usizimwage, zina kazi baadaye.

Glasi ya pili ifunike kwa sahani na uisukume pembeni. Tuiite B. Ya kwanza, A, ndiyo ya kuanzia.

Katika nganda, yaani baa, mwambie mhudumu mapema kwamba chupa iletwe imefungwa na wewe ndiye utakayemimina. Mazoea yake ni kufungua akiwa njiani na kuipiga glasi hadi juu. Hana kosa, bia nyingi anazouza zinataka hivyo.

Kituo cha kwanza: nyuzi 8

Macho kwanza, na kwa haraka. Kaharabu iliyo safi au yenye ukungu mwepesi, zote sawa. Povu ndilo la kukaziwa macho. Linapaswa kudumu dakika mbili au zaidi na kuacha pete ukutani kila unapokunywa, kwa sababu asidi za hopsi hushikamana na protini za kimea na kulitia nguvu. Bia chungu ambayo povu lake limekufa ndani ya nusu dakika imezeeka, au glasi ina mafuta.

Nusa mara tatu, mipumuo mifupi, pua ikiwa juu ya ukingo. Kwenye baridi hii utapata hopsi karibu peke yake: ganda la chungwa, majani makavu, pengine mchaichai. Ikiwa karafuu imejitokeza tayari kwenye nyuzi 8, jua kwamba kwenye 14 itapiga kelele.

Onja funda la kwanza kubwa kidogo, kama kijiko kikubwa cha mezani, lizungushe, meza. Wanaoonja divai hutema. Hapa ukitema unapoteza nusu ya habari, kwa sababu harufu hupanda puani kupitia kooni wakati wa kumeza. Yale mafundisho ya kwamba uchungu husikika nyuma ya ulimi tu si kweli. Ulimi mzima unausikia. Ila uchungu wa hopsi huja kwa kuchelewa, hufika kileleni sekunde kumi hivi baada ya kumeza, na hukaa. Ukinywa funda la pili kabla la kwanza halijatulia, unajumlisha. Mafunda matatu ya harakaharaka yataifanya bia yoyote ionekane chungu kupindukia. Subiri nusu dakika kamili kati ya funda na funda, saa ikiwa mezani.

Andika mistari miwili tu: harufu gani, uchungu umedumu sekunde ngapi.

Kituo cha pili: nyuzi 11

Dakika 15 hivi baada ya kumimina, kwenye chumba cha nyuzi 20, glasi A itakuwa imefika. Ikichelewa, ishike tumboni kwa viganja. Zungusha mara mbili na unuse upya.

Hapa ndipo Uingereza na Ubelgiji zinapokaa meza moja, na ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Tafuta vitu viwili kwa wakati mmoja: mkate uliokaushwa wa kimea, na kile cha hamira, kiwe pilipili manga, karafuu au tunda. Jiulize kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Katika bia iliyopangwa vizuri, kimea hufungua, hamira hupita katikati, hopsi hufunga. Ikiwa karafuu inakaa juu ya uchungu kwa wakati uleule, viwili hivyo huungana na kutoa ladha ya dawa, hata kama hakuna kilichoharibika. Ni udhaifu wa mapishi. Watengenezaji makini huikwepa kwa kuchagua hamira isiyotoa fenoli nyingi, na kwa kupunguza kile kimea cha sukari iliyoungua.

Usiiamini sana namba ya uchungu iliyo kwenye lebo. IBU huhesabu takriban miligramu za asidi chungu kwa lita. Haihesabu kilichobaki cha kuzituliza. Hamira nyingi za Kiingereza hula asilimia 67 hadi 75 ya sukari ya kimea na kuacha utamu kidogo. Za Kibelgiji hufika 80, 85, hata zaidi, na sukari tupu iliyoongezwa huliwa yote. Kwa hiyo IBU 30 katika bia kavu yenye gesi nyingi huuma kuliko 40 katika bita nene ya Kiingereza. Maji nayo yamo. Yale ya Burton upon Trent, mji wa bia za Kiingereza, yana salfeti nyingi, na salfeti huunyoosha uchungu uwe mkavu na wenye ncha, na watengenezaji wengi huiga kwa kutia jasi. Ukisikia uchungu uliokatika ghafla, safi, bila kuburuza, shuku salfeti. Ukiburuza na kukausha fizi, rudi kwenye kikombe cha chai kali ulinganishe.

Kituo cha tatu: nyuzi 14

Sasa funua glasi B. Dakika 35 hadi 45 zimepita, na sahani imezuia harufu isitoroke. Nusa mara moja, kabla ya kuizungusha. Mpumuo huo wa kwanza ndio wenye mengi kuliko yote ya jioni hii.

Gesi imepungua, ulimi hauchomwi tena, na kilevi kinaanza kusikika kama uvuguvugu kooni. Kwa bia ya asilimia 6 uvuguvugu huo uwe mdogo. Ukiwaka, bia ilichachishwa kwenye joto la juu mno. Ndizi na peasi hujitokeza hapa. Kwa Orval iliyokaa, utapata kitu kama ngozi mpya ya mkoba, au nyasi kavu za zizini. Wengine hukunja uso, lakini ndiyo Brettanomyces yenyewe, na ndicho kilicholipiwa.

Kunywa theluthi mbili za B. Kisha izungushe chupa yenye mashapo, mimina zile sentilita 3 ndani ya kilichobaki, onja. Bia itakuwa nene kidogo, yenye unga wa mkate, na uchungu utaonekana umelainika. Baadhi hupenda hivi tangu mwanzo. Sisi tunaona mashapo yanafunika hopsi, ndiyo maana tumeyaweka mwisho. Mwenye tumbo jepesi ayaache.

Karatasi yako inaweza kuonekana hivi: *8: ganda la chungwa, uchungu sek. 20, gesi kali. 11: mkate mkavu, pilipili manga kabla ya uchungu. 14: peasi, ngozi, uchungu sek. 35, ukakasi hakuna.* Hayo yanatosha. Nyota na alama juu ya kumi hazimsaidii mtu.

Kasoro za kweli na kasoro za kusingiziwa

Harufu ya karatasi au katoni iliyolowa ni hewa na joto la safari. Haina tiba, na huonekana zaidi kwenye kituo cha tatu.

Siagi ni jambo la kupima. Kidogo sana katika bita ya Kiingereza husamehewa. Katika bia iliyochachuka tena chupani haipaswi kuwepo, kwa kuwa hamira hai huila. Ukiipata pamoja na uchachu, kuna bakteria.

Mahindi ya kuchemsha: mchemsho ulikuwa dhaifu au bia ilipozwa polepole. Tufaha bichi: iliwekwa chupani mapema. Siki kali inayokwaruza koo: hewa iliingia na bakteria wa siki wakafuata. Hiyo mwaga.

Bia kuruka nje ya chupa huwachanganya wengi. Chupa iliyotikiswa au yenye joto huruka, na huku juu hata iliyo nzima huruka kidogo. Iliyoambukizwa huruka hata ikiwa baridi na imetulia siku tatu, na ladha yake ni nyembamba, chachu, kama imeoshwa. Tofauti iko kinywani, haiko sakafuni.

Ukungu, karafuu, ngozi na ukavu vimekwisha kusingiziwa sana. Ni tabia ya bia.

Chakula, baada ya kuonja na si kabla

Chumvi hupunguza uchungu ulimini. Samaki wa sambaza wa kukaanga wenye chumvi wataifanya bia hii ionekane laini na tamu, jambo zuri wakati wa kula na baya wakati wa kupima. Fromaji ya Masisi iliyo changa, kipande cha unene wa kidole, ndiyo rafiki yake wa karibu: mafuta yake huushika uchungu, na gesi huyasafisha mafuta. Nyama ya mbuzi ya makala inafaa ikiwa na chumvi na ndimu tu. Pili-pili weka kando. Ikikutana na gesi na uchungu, vyote vitatu huwaka na hutasikia kitu. Wapenda pili-pili watabisha, na wabishe wakiwa na Primus.

Chupa moja ya asilimia 6 ina karibu gramu 16 za kilevi. Mkiwa wanne, chupa mbili zinatosha: kila mtu glasi moja ya sentilita 15, wawili wakianza na A, wawili wakisubiri B, kisha mnabadilishana. Anayeendesha pikipiki anuse tu.

Ukiwa na chupa ya pili

Ikiwa ni bita isiyo na hamira ya mwitu, inywe ndani ya mwezi huo, maana haitakuwa bora kuliko ilivyo leo. Ikiwa na Brettanomyces, andika tarehe ya leo kwenye kipande cha plasta, kibandike begani mwa chupa, irudishe wima kwenye kona yake ya sakafuni, na karatasi ya leo ikunjwe ndani ya katoni hiyohiyo. Baada ya miezi sita rudia kwa nyuzi zilezile, glasi zilezile, na umimine taratibu zaidi: gesi itakuwa imeongezeka.